Paka wa Roma na Paka wa Uani Kwetu

Mtu akiaga kwamba anakwenda Roma, watu humwagiza mambo makubwa. Huyu humwambia asikose kuliona jengo la Colosseum. Yule humhimiza afike katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Na mwingine humkumbusha kutupa sarafu katika chemchemi ya Trevi, ili ajaliwe kurudi tena. Mimi nilipoaga kwangu mwezi wa Oktoba mwaka jana, binti yangu mwenye umri wa miaka kumi aliniagiza jambo dogo sana. Alisimama mlangoni, akaniambia bila kunitazama usoni: "Baba, huko uendako, ukaangalie kama na wao huwatupa paka."

Sikumjibu neno, kwa kuwa nilijua alichokuwa akiuliza.

Ndugu msomaji, sina budi kukueleza kisa hicho kwanza. Sisi tunakaa katika nyumba za ghorofa huko Ilala, Dar es Salaam. Nyuma ya tangi la maji lililoko uani alikuwa akiishi paka jike mmoja wa rangi ya kijivu, mwenye mistari. Hakuwa na mwenyewe. Mchana hukumwona, usiku ungeyaona macho yake mawili yaking'aa karibu na pipa la taka, na ukikohoa tu amekwisha toweka. Binti yangu alimpa jina la Kivuli. Basi Kivuli akazaa watoto wanne, na wapangaji wakaanza kulalamika: kelele za usiku, harufu, hofu ya maradhi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, na nilitaka malalamiko hayo yaishe upesi. Nikampa kijana mmoja shilingi elfu mbili awatie wale watoto katika kiroba na kuwapeleka mbali. "Mbali" ndilo neno nililolitumia, wala sikuuliza mbali wapi. Mama yao alilia uani masiku matatu. Kwa siku hizo tatu binti yangu alinipa shikamoo kila asubuhi kama ilivyo adabu, na baada ya hapo hakuniambia neno lolote jingine.

Huo ndio mzigo niliousafirisha mpaka Roma, ambao haukupimwa uwanja wa ndege.

Njiani kutoka semina

Nilikwenda kuhudhuria semina ya majuma mawili juu ya uhifadhi wa nafaka, katika makao makuu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Shirika hilo limekuwa na makao yake mjini humo tangu mwaka 1951. Mbele ya jengo lake kuna uwanja ambapo zamani ulisimama mnara wa jiwe wa Aksum, wenye urefu wa meta 24 na uzito wa tani zipatazo 160. Majeshi ya Mussolini yaliuchukua Ethiopia, ukasimamishwa Roma mwaka 1937. Ulibomolewa mwaka 2003, ukarudishwa kwao vipande vipande mwaka 2005, na ukasimamishwa tena Aksum mwaka 2008. Nilipokuwa nikipita pale kila asubuhi niliwaza kwamba kitu huondolewa kwa amri moja tu ya siku moja, lakini kukirudisha huchukua umri wa mtu mzima.

Siku ya nne tulizungumzia panya na hasara wanayoitia ghala. Jioni ile sikutaka kupanda basi. Nilishika njia kwa miguu, nikalipita bonde la Circo Massimo, ambako Warumi wa kale walikuwa wakishindanisha magari ya farasi, nikaukaribia mto Tiber, nikalipita gofu la Ukumbi wa Marcello, na baada ya mwendo wa nusu saa hivi nikatokea mahali paitwapo Largo di Torre Argentina.

Jina hilo lisikudanganye. Halihusiani na nchi ya Argentina ya Amerika ya Kusini. Mkuu mmoja wa taratibu za ibada za Mapapa, Johannes Burckard, alijenga hapo nyumba yenye mnara. Yeye alitoka upande wa Strasbourg, mji ambao kwa Kilatini uliitwa Argentoratum, na mnara ukachukua jina la huko alikotoka.

Pale ni katikati kabisa ya mji. Mabasi na teksi huzunguka pande zote nne, na pikipiki hupita kama nyuki. Lakini katikati ya ghasia hiyo kuna shimo kubwa la mraba, lenye kina cha meta kama sita, na ndani yake mna magofu ya mahekalu manne. Kongwe kupita yote lilijengwa miaka ipatayo 300 kabla ya Kristo. Yalifukuliwa katika miaka ya 1920, nyumba zilizokuwa juu yake zilipobomolewa ili kujenga majengo mapya, na eneo hilo likafunguliwa rasmi tarehe 21 Aprili 1929.

Nyuma ya mahekalu hayo kuna mabaki ya ukumbi wa Pompey. Hapo ndipo Julius Caesar alipochomwa visu tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi wetu kisa hicho tulikisoma shuleni katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963. Shakespeare kwa sababu za jukwaa aliyaweka mauaji hayo Kapitoli. Wanahistoria huyaweka pale shimoni. Nilishika chuma cha ukingo, nikainama ili nipaone mahali alipoanguka mtawala wa dunia ya wakati ule. Mahali hapo palikuwa na paka, amelala juu ya kipande cha nguzo huku miguu minne yote ikiwa hewani.

Wenyeji wa magofu

Nilipotazama vizuri zaidi, nikaona wengine. Mmoja yuko juu ya ngazi ya hekalu, akijilamba. Wawili wako chini ya msonobari. Mwingine anavuka uwanja polepole, mkia juu, mithili ya karani mkuu anayerudi ofisini baada ya chakula cha mchana.

Paka waliingia humo karibu tangu magofu yalipofukuliwa, kwa kuwa shimo lile liliwapa kinga dhidi ya magari na mbwa. Wakazi wa mtaa, hasa akina mama, wakaanza kuwatupia chakula. Wanawake hao kwa Kitaliano huitwa gattare, yaani mama-paka, na zamani neno hilo lilitamkwa kwa dhihaka. Husimuliwa kwamba hata Anna Magnani, mcheza sinema mashuhuri aliyefariki mwaka 1973, alikuwa akija kuwalisha. Lakini kulisha peke yake si msaada kamili. Paka anayelishwa bila kufungwa uzazi huongeza njaa: mwaka huu paka mmoja, mwaka ujao kumi. Ndipo katika miaka ya 1990 kikundi cha wanawake waliojitolea kilipoifanya huruma hiyo kuwa kazi ya utaratibu. Katika chumba kidogo kilicho chini ya usawa wa barabara, pembeni mwa magofu, waliweka kituo. Paka akiletwa hutibiwa, huchanjwa na kufungwa uzazi. Na yule awezaye kukaa na watu hutafutiwa nyumba.

Sheria ya nchi nayo iliwasaidia. Sheria namba 281 ya tarehe 14 Agosti 1991 inakataza kumwua paka au mbwa kwa sababu tu hana mwenyewe. Paka wanaoishi huru hawaruhusiwi kutendewa vibaya. Madaktari wa mifugo wa serikali huwafunga uzazi na kuwarudisha mahali pao. Hata hivyo amani haikuwa kamili. Mwaka 2012 wakuu wa mambo ya kale walitaka kituo kiondolewe, kwa hoja kwamba kimejengwa juu ya urithi wa taifa. Wakazi wakapiga kelele, maelfu wakatia sahihi, na kituo kikabaki. Tangu Juni 2023 wageni nao wameruhusiwa kushuka katika magofu kwa kupita kwenye njia za kuelea zilizojengwa humo, nao paka bado wamo.

Hayo yalinipa jibu la kumpelekea binti yangu. Lakini jibu lililo kamili zaidi nililipata pale ukingoni, kwa mtu asiye na cheo chochote.

Yule asiyekuja

Pembeni yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, mkazi wa mtaa ule, ameshika mfuko wa kijani. Aliponiona natabasamu kwa yule paka aliyelala chali, alitikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole mahali pengine kabisa: ufa mweusi chini ya jiwe kubwa. Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaona macho mawili.

Kwa Kiingereza chake kidogo na changu kisicho kingi, tulielewana. Yule aliyelala chali, alisema, hana shida ya kupata nyumba. Wageni humpiga picha, watoto humwita, naye huja. Lakini huyu wa ufani haji. Si mkali, wala si mgonjwa. Ana haya tu. Mtu anayetafuta paka wa kulea huangalia yupi anamjia. Asiyemjia humhesabu kuwa hataki. "Naye anataka," alisema mama yule, "ila hajui njia ya kusema."

Nikamwuliza anajuaje. Akaniambia kwamba tangu majira ya kuchipua amekuwa akisimama mahali pale pale, saa ile ile, amevaa koti lile lile. Mwezi wa kwanza paka alikuwa akikimbia pindi yeye anaposimama. Sasa hakimbii. Basi hayo ndiyo matunda ya miezi sita: paka kutokukimbia. Aliyasema kwa furaha ya mtu aliyevuna magunia.

Nilisimama naye karibu robo saa bila kusema neno. Jioni ikaingia, mabasi yakawasha taa. Paka akatoa kichwa, akatoa bega, akatutazama. Mama yule hakumwita. Alifumba macho yake polepole, akayafumbua polepole, kisha akageuza uso upande. Na yule paka, Mungu ni shahidi, naye akafumba yake.

Haya ya paka hutoka wapi

Niliporudi chumbani, na hata baada ya kufika nyumbani, nilitafuta maandishi ya wataalamu, nikakuta kwamba mama yule hakuwa akiota ndoto.

Paka wa nyumbani ni mtoto wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na wa jamii hiyo hiyo bado wamo katika mbuga zetu. Alisogea karibu na binadamu pale binadamu alipoanza kuweka nafaka, kwa kuwa nafaka ilivuta panya. Huko Kupro wachimbaji walitangaza mwaka 2004 kwamba wamekuta paka amezikwa kando ya mtu, kaburi la miaka ipatayo 9,500. Kwa hiyo ujirani huu ni wa zamani; lakini kila paka anayezaliwa hana budi kuujifunza upya, na muda wa kujifunza ni mfupi. Mtaalamu Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba juma la pili mpaka la saba baada ya kuzaliwa ndicho kipindi chenyewe. Mtoto wa paka aliyeshikwa na watu kwa upole katika siku hizo hukua akiwaamini. Aliyekulia nyuma ya tangi la maji, asione kwa watu ila mawe na maji ya moto, hukua akijua kwamba binadamu ni hatari.

Hapa inafaa kupambanua. Kuna paka shume, aliyezaliwa nje na kukomaa nje bila ya kuguswa na mtu. Kumfungia huyo chumbani kwa nguvu si huruma, ni kifungo. Wema kwake ni kumfunga uzazi, kumchanja na kumwachia maisha yake, akiwa na mahali pa kula. Na kuna paka mwenye haya, ambaye huenda aliwahi kuwa na nyumba akafukuzwa, au aliwajua watu nusu nusu. Huyu ndani yake mna kumbukumbu ya mkono mwema, lakini imefukiwa na hofu. Tukiwatazama siku ya kwanza, wawili hawa hufanana kabisa. Anayewatenganisha ni wakati tu.

Wahenga wetu walisema, paka wa nyumba haingwa. Naam, wa nyumba hafukuzwi. Lakini asiye wa nyumba je? Tunamfukuza, kisha tunashangaa kwamba anatukimbia.

Namna ya kumsaidia

Haya ndiyo niliyoyakusanya, nami nayaandika kwa faida ya kila familia itakayopenda kujaribu.

Kwanza, mpe mahali padogo na patulivu, wala usimwonyeshe nyumba nzima siku ya kwanza. Chumba kimoja kinatosha, chenye maji, chakula na beseni la mchanga. Pili, mpe pa kujificha. Sanduku la karatasi ngumu, kama lile la sabuni au mafuta ya kupikia, ni dawa kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwagawa paka 19 waliokuwa wageni katika kituo: kumi wakapewa visanduku, tisa wasipewe. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliopewa visanduku walipunguza wasiwasi upesi zaidi. Wengi wetu hufanya kinyume: paka akijificha, tunamvuta atoke. Ukweli ni kwamba anayejua kuwa anaweza kujificha ndiye anayethubutu kutoka.

Tatu, usimkazie macho. Kwa paka, kukaziwa macho ni vita. Kufumba na kufumbua polepole ni salamu. Hilo lilithibitishwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, waliochapisha matokeo yao mwaka 2020. Paka waliofumbiwa macho hivyo walijibu vivyo hivyo, na walikuwa tayari zaidi kuusogelea mkono wa mtu wasiyemjua. Nne, kaa chini karibu naye kila siku saa ile ile, ufanye kazi yako: soma, shona, chambua mchele. Asikie sauti yako bila ya kutakiwa kulipa chochote.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, subiri. Wenye uzoefu huhesabu kwa tatu: siku tatu za hofu, majuma matatu ya kuzoea taratibu za nyumba, miezi mitatu mpaka ajihisi yuko kwao. Kwa mwenye haya hesabu hiyo yaweza kurefuka. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu siku ya tatu hajatoka hata uvunguni.

Anayemtafutia paka kama huyo nyumba hana budi kusema kweli. Asimsifu kuwa ni mchangamfu, akarudishwa baada ya juma moja na hofu maradufu. Aseme wazi: huyu ana haya, hatakaa mapajani mwako upesi, anahitaji nyumba isiyo na makelele. Amtafute mtu anayelingana naye, na mara nyingi mtu huyo ni mzee anayekaa peke yake, au familia ambayo tayari ina paka mmoja mpole wa kumwonyesha mwenzake kwamba hapa ni salama. Ikiwezekana, paka akae kwanza katika nyumba ya muda, kwa kuwa anayejikunyata katika kizimba huweza kuwa mwingine kabisa chini ya kiti cha sebuleni. Na wale ambao hawawezi kuhama, kituo kile cha Roma hutafuta watu wa kuwalea kwa mbali: mtu hutoa fedha kidogo ya chakula na dawa, naye paka hubaki magofuni pake.

Hata hivyo huruma isitupumbaze. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara huwa ni kifo. Paka wa nyumbani achanjwe. Akikuuma au kukukwaruza paka usiyemjua, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asiguse beseni la mchanga. Kazi hiyo ifanywe na mwingine.

Kurudi nyumbani

Nilirejea Dar es Salaam siku ya Jumamosi. Binti yangu alipokea mkoba, akasubiri. Nikamwambia: "Hawawatupi. Kuna sheria. Na kuna mama mmoja amesimama miezi sita kumngoja paka mmoja." Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Kivuli naye tutamngoja?"

Niliita mkutano wa wapangaji. Nilikiri mbele yao kwamba jambo lile nililifanya vibaya, na tena halikutatua kitu, kwa kuwa Kivuli alikuwa akielekea kupata mimba nyingine. Wengine walicheka, wakasema mwenyekiti amekwenda Ulaya amerudi na mambo ya Ulaya. Mzee mmoja aliwajibu kwamba yeye amekuta paka wakiheshimiwa misikitini tangu utoto wake, na kwamba swahaba wa Mtume aliyeitwa Abu Huraira jina lake lenyewe linatokana na paka wake mdogo; basi mambo haya si ya Ulaya. Tulichanga fedha. Kwa dagaa wa kukaanga na tenga lenye mfuniko, baada ya kushindwa mara tatu, tulimkamata. Daktari wa mifugo alimfunga uzazi na kumchanja.

Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, muuguzi mstaafu ambaye panya walikuwa wakimtafunia hata sabuni, alikubali kumpa chumba chake cha stoo kwa majaribio. Tulimwambia kweli yote. Alijibu kwamba amewauguza watu wengi wasiosema, na huyu hatamshinda.

Siku tatu za kwanza Kivuli hakutoka sandukuni mchana. Chakula kililiwa usiku. Binti yangu alishuka kila jioni baada ya kazi za shule, akaketi sakafuni karibu na mlango, akamsomea kitabu chake cha darasa la tano kwa sauti. Masomo ya jiografia, ya sayansi, hata mafumbo ya hesabu, yote paka aliyasikiliza. Juma la tatu aliona ncha ya mkia nje ya sanduku, akapanda ngazi akikimbia kuja kutuambia. Mwezi wa pili Kivuli alikula huku yeye akisoma. Mwezi wa nne alipita mbele ya goti lake, akaligusa kwa ubavu, akaendelea na safari yake. Siku hiyo nyumba nzima tulikunywa soda.

Sasa Kivuli hulala kizingitini mwa bibi, uso nje na mkia ndani. Wapangaji wakipita huinuka kidogo, akiwaona si wabaya hulala tena. Bibi husema panya wamepungua. Hajakaa mapajani mwa mtu, na huenda hatakaa kamwe. Hakuna anayemdai hilo.

Wewe nawe, ndugu msomaji, pengine uani kwako, nyuma ya tangi au chini ya ngazi, kuna macho mawili. Kabla hujatafuta jiwe au kiroba, jaribu kusimama kidogo, kisha ufumbe macho polepole. Hilo halina gharama.

Binti yangu sasa husema nami kama zamani. Mara moja tu aliniuliza kuhusu wale wanne, nami nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nilimtafuta yule kijana wa kiroba; aliniambia amesahau. Ama Kivuli, yeye hunijua kwa hatua. Wengine wote wakiingia hubaki pale kizingitini. Nikiingia mimi, huondoka. Simlaumu. Kila jioni nikitoka kazini hupita kwa bibi, huketi mbali kidogo, hufungua gazeti langu, na kusubiri.